SOMO LA AFYA: MKANDA WA JESHI NA MALENGELENGE YENYE SURA ISIYO YA KAWAIDA

1. Utangulizi

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba, na hasa wale ambao kazi, masomo, biashara au matibabu huwapeleka Dodoma na sehemu nyengine za uwanda wa juu wa kati wa Tanzania Bara. Safari hizo zimekuwepo tangu Dodoma ilipoteuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi. Ziliongezeka baada ya Serikali ya Muungano kuanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016, na mji huo kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili, 2018.

Mtu anayetoka pwani hukutana huko na hewa kavu, jua kali, upepo wenye vumbi na msimu mmoja tu wa mvua. Ngozi hukauka, midomo hupasuka na macho huwasha. Ni rahisi basi kuyapuuza maumivu ya ngozi au wekundu wa jicho kwa kudhani kuwa ni taabu ya hali ya hewa. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Lakini yapo maradhi ambayo huanza kwa namna hiyo hiyo, na ambayo siku tatu za kusubiri zinaweza kumgharimu mgonjwa jicho lake.

Na ichukuliwe mfano wa karani aliyekwenda Dodoma kwa mafunzo ya wiki tatu. Siku ya kwanza anahisi moto upande mmoja wa paji la uso, kama aliyeungua, lakini ngozi haina alama. Siku ya pili anapaka mafuta. Siku ya tatu yanatokeza malengelenge madogo kwenye paji hilo hilo, na moja liko kwenye ncha ya pua. Karani anaona haya, anavuta kofia yake chini na kuendelea na masomo. Somo hili linaeleza karani huyo amepatwa na nini, kwa nini lengelenge la puani ni la hatari kuliko mengine, na alipaswa kufanya nini.

2. Asili ya maradhi

Malengelenge yanayozungumzwa hapa husababishwa na virusi vya jamii ya herpesi, ambayo katika baadhi ya maandishi ya kitaalamu ya Kiswahili huitwa tutuko. Aina mbili za jamii hiyo ndizo zinazohusika zaidi na somo hili.

Ya kwanza ni virusi vya tetekuwanga. Mtoto anapougua tetekuwanga hupona, lakini virusi havitoki mwilini. Huingia katika mizizi ya mishipa ya fahamu na kutulia humo kwa miaka mingi. Kinga ya mwili inapopungua nguvu, virusi huamka, hufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, na hapo hutokea maradhi yajulikanayo kwa jina la mkanda wa jeshi.

Ya pili ni virusi vya herpesi simpleksi, ambavyo navyo vina namna mbili. Namna moja huleta zaidi malengelenge ya midomo, ambayo watu wengi huyapata wakiwa watoto. Nyengine huleta zaidi malengelenge ya sehemu za siri, na huambukizwa kwa kujamiiana. Virusi hivi pia hulala katika mishipa ya fahamu na kurudi mara kwa mara.

Ifahamike basi kuwa mkanda wa jeshi hautokani na uchawi, wala na mdudu aliyepita juu ya ngozi usiku. Ni kweli kuwa yupo mdudu mdogo mwenye rangi nyeusi na nyekundu, aonekanaye zaidi wakati wa mvua, ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha mchirizi wa malengelenge. Tofauti ni kwamba mchirizi wa mdudu hutokea popote alipopondwa, bila ya maumivu yaliyotangulia. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hutanguliwa na maumivu ya siku moja hadi tano, na hufuata njia ya mshipa katika upande mmoja wa mwili.

3. Sura ya kawaida

Kwa mtu mwenye kinga timamu, mkanda wa jeshi hushika eneo moja tu: nusu ya kifua, nusu ya kiuno au upande mmoja wa uso, na hauvuki mstari wa katikati ya mwili. Malengelenge hujaa maji, hukauka na kufanya magamba katika muda wa siku saba hadi kumi, na ngozi hupona kwa wiki mbili hadi nne. Malengelenge ya midomo au ya sehemu za siri huwa machache na hupona ndani ya wiki moja au mbili. Mhudumu wa afya mwenye uzoefu huyatambua haraka kwa kuyatazama.

4. Sura zisizo za kawaida

Kinga inapodhoofika sana, maradhi haya hubadilika sura, hata mgonjwa, jamaa zake na pengine mhudumu wa afya wasiyatambue. Sura zifuatazo ndizo za kuangaliwa:

(a) Mkanda unaoshika maeneo mawili au zaidi, au unaovuka katikati ya mwili na kushika pande zote mbili.

(b) Mkanda uliokwisha kupona ukarudi tena, mahali pale pale au penginepo.

(c) Malengelenge yanayoenea mwili mzima kama tetekuwanga, pamoja na homa. Hali hii inaweza kufika kwenye mapafu, ini na ubongo, na mgonjwa huhitaji kulazwa.

(d) Vidonda vya mkanda visivyopona, bali huota magamba magumu mfano wa sugu na kudumu kwa miezi.

(e) Vidonda vya sehemu za siri au vya kuzunguka njia ya haja kubwa vinavyokuwa vikubwa na vyenye maumivu makali, na ambavyo hupita mwezi mmoja bila ya kupona. Baadhi ya vidonda hivyo huvimba na kuota nyama, hata vikadhaniwa kuwa ni saratani au kaswende.

(f) Maumivu makali wakati wa kumeza, kwa sababu vidonda vimeingia katika umio, hali ngozi ya nje haina kitu.

(g) Wekundu wa jicho, maumivu na kuogopa mwanga, ambavyo hudhaniwa kuwa ni vumbi au maradhi ya vikope.

(h) Kuchanganyikiwa, kubadilika tabia au degedege kwa mtu mwenye homa. Hii ni dharura, kwani virusi vinaweza kuwa vimeingia katika ubongo.

Vidonda vya herpesi simpleksi vinavyodumu zaidi ya mwezi mmoja vina uzito wa pekee. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, Shirika la Afya Duniani huvihesabu katika hatua ya nne, yaani hatua ya juu kabisa ya maradhi hayo. Mkanda wa jeshi huhesabiwa katika hatua ya pili.

5. Ni nani mwenye kinga dhaifu

Wananchi wengi wakisikia maneno "kinga dhaifu" hufikiri UKIMWI peke yake. Fikra hiyo ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wa kwanza Zanzibar walitambuliwa mwaka 1986. Katika miaka hiyo vipimo vilikuwa haba. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Bangui mwaka 1985 uliwapa madaktari wa Afrika orodha ya dalili za kutambulia maradhi hayo bila ya kipimo, na katika dalili ndogo za orodha hiyo ulikuwemo mkanda wa jeshi unaorudi, pamoja na malengelenge ya herpesi simpleksi yanayodumu na kuenea. Mwaka 1988 madaktari waliofanya kazi Kinshasa nao walichapisha utafiti ulioonesha kuwa mkanda wa jeshi ni ishara yenye nguvu ya kuwepo kwa virusi vya UKIMWI. Hivyo ndivyo mkanda ulivyopata jina baya katika Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Ishara hiyo bado ni ya kweli, lakini si peke yake. Kinga hupungua pia kwa uzee, kwa kisukari, kwa saratani na dawa zake, na kwa kutumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu. Dodoma yenyewe ni mfano mzuri. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo, na mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye maradhi ya selimundu. Aliyepandikizwa kiungo hupewa dawa za kuituliza kinga yake kwa makusudi, ili mwili usikikatae kiungo kipya. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata sura zote zilizotajwa hapo juu bila ya kuwa na virusi vya UKIMWI. Wananchi wa Visiwani wanaorejea nyumbani baada ya matibabu kama hayo, popote walipotibiwa, wanapaswa kumweleza kila daktari anayewaona kuwa wanatumia dawa hizo.

Yapo pia maradhi yanayoipunguza kinga kwa muda tu, nayo yanawahusu zaidi watoto. Mwaka 1987 wataalamu wa macho Foster na Sommer walichapisha utafiti kuhusu upofu wa watoto nchini Tanzania. Walionesha kuwa vidonda vya jicho vinavyofuatia surua hutokana na upungufu wa vitamini A, na herpesi simpleksi, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Mwaka 1992 Yorston na Foster walichapisha utafiti mwengine wa Tanzania ulioonesha uhusiano baina ya malaria na herpesi ya jicho. Hivyo mtoto aliyetoka katika surua au malaria, na jicho lake likawa jekundu na lenye maumivu, asichukuliwe kuwa ameingiwa na vumbi tu.

6. Hatari ya jicho

Mshipa wa fahamu unaohudumia paji la uso ndio huo huo unaohudumia jicho, na tawi lake moja hufika kwenye ncha ya pua. Kwa hiyo lengelenge linapotokea kwenye ncha au ubavu wa pua, ni onyo kuwa virusi vinaweza kuwa vimeshafika ndani ya jicho, ingawa mgonjwa bado anaona vizuri. Hiyo ndiyo hatari iliyomkabili karani wa mfano wetu. Baada ya siku chache kioo cha mbele cha jicho kinaweza kupata kidonda, kisha kovu, na uoni usirudi.

Katika uwanda wa kati hatari hii ina kificho chake. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imejulikana kwa watafiti wa macho tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya wingi wa vikope, maradhi yanayoendana na ukavu, nzi na uhaba wa maji ya kuoshea nyuso. Mahali ambapo macho mekundu yamezoeleka, jicho moja la herpesi hupotea kati ya mengi. Alama za kulitofautisha ni hizi: kwa kawaida huanza jicho moja, maumivu ni makali, mwanga huumiza, uoni huingia ukungu, na pengine kuna malengelenge kwenye kope, paji au pua. Kwa mwenye kinga dhaifu macho yote mawili yanaweza kushikwa.

Inasisitizwa kuwa mtu asinunue dawa yoyote ya matone kwa kukisia. Baadhi ya matone yana steroidi. Matone hayo huondoa wekundu na kumpa mgonjwa nafuu ya siku mbili, lakini katika kidonda cha herpesi simpleksi huvipa virusi nafasi ya kula kioo cha jicho. Dawa za majani, maziwa au mkojo zisitiwe machoni kabisa. Mgonjwa aliye katika maeneo hayo aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu na aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa macho katika hospitali za jijini Dodoma, au katika Hospitali ya Mvumi, inayojulikana kwa huduma zake za macho.

7. Si kila wingu hunyesha

Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Wakaazi wa Dodoma, ambao mazao yao hutegemea msimu mmoja wa mvua kuanzia Disemba hadi Aprili, wanajua pia kuwa si kila wingu hunyesha. Hata hivyo mkulima hapuuzi wingu. Hutazama, hutayarisha jembe na kusubiri uhakika.

Mkanda wa jeshi uchukuliwe kwa namna hiyo hiyo. Ni wingu, nao si hukumu. Mtu mzima aliye na umri wa chini ya miaka hamsini anayepata mkanda hupaswa kupima virusi vya UKIMWI, na pia kuangaliwa kisukari na maradhi mengine. Akionekana hana virusi, atakuwa ameondokewa na wasiwasi. Akionekana anavyo, atakuwa amejua mapema, wakati tiba ipo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimekuwa zikitolewa nchini bila ya malipo tangu mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 mwongozo ni kuwa kila aliyepatikana na virusi aanzishiwe dawa bila ya kusubiri kinga ishuke. Kinga inaporudi, vidonda hivi hupungua.

Hapana budi kutaja jambo moja linalowavunja moyo wagonjwa. Baadhi ya watu hupata mkanda wa jeshi katika miezi ya mwanzo ya kutumia dawa hizo, kwa sababu kinga iliyoamka huanza kupambana na virusi vilivyokuwa vimejificha. Hilo halimaanishi kuwa dawa zimeshindwa. Mgonjwa asiziache, bali arudi kliniki akatibiwe mkanda huku akiendelea nazo.

Katika ofisi na madarasa, mwenye malengelenge usoni asinong'onezwe wala asiepukwe. Hakuna awezaye kujua hali ya kinga ya mtu kwa kumtazama. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza unyanyapaa, na inamtaka mtoa huduma ya afya atunze siri ya majibu ya mgonjwa. Mkuu wa kazi anayempa mtumishi wake ruhusa ya kwenda hospitali bila ya kumhoji mbele ya wenzake anaweza kuwa ameokoa jicho.

8. Tiba na wakati wake

Dawa kuu ni asaiklovia. Mmoja wa wanasayansi walioifanyia kazi, Gertrude Elion, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Dawa hii huvizuia virusi visizaliane. Haiviondoi katika mishipa ya fahamu. Kwa hiyo faida yake kubwa hupatikana inapoanzwa mapema, ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze. Kwa mtu mzima mwenye mkanda, kipimo cha kawaida ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Mwenye maradhi ya figo hupunguziwa, na aliyeenewa mwili mzima hupewa kwa njia ya mshipa hospitalini. Kwa mwenye kinga dhaifu dawa hutolewa hata kama saa 72 zimepita, maadamu malengelenge mapya bado yanatoka. Mafuta ya kupaka ya dawa hiyo hayatoshi kuutibu mkanda wa jeshi.

Ni vyema pia kufahamu mpaka wa dawa hii. Kwa kuwa vidonda vya herpesi hurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI, ilitarajiwa kuwa kuzuia herpesi kungezuia na UKIMWI. Utafiti uliofanywa kaskazini-magharibi mwa Tanzania kwa wanawake 821 na kuchapishwa mwaka 2008 haukuonesha kinga hiyo: waliopewa asaiklovia kila siku hawakuwa salama zaidi ya wasiopewa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumeza dawa hii badala ya kutumia kondomu, kupima na kufuata ushauri wa kliniki.

9. Mambo ya kuzingatia

(i) Maumivu ya kuungua upande mmoja wa mwili, yakifuatiwa na malengelenge, yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliye safarini asisubiri kurudi nyumbani.

(ii) Malengelenge ya paji la uso, kope au pua, pamoja na jicho jekundu lenye maumivu, ni dharura.

(iii) Kidonda cha sehemu za siri kinachopita mwezi kisitibiwe kwa dawa za dukani. Kichunguzwe.

(iv) Malengelenge yafunikwe kwa kitambaa safi hadi yakauke. Maji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo mgonjwa ajitenge na wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wengine wenye kinga dhaifu. Asipakae dawa ya meno, majivu wala mafuta ya moto.

(v) Mtoto akamilishiwe chanjo ya surua na apewe matone ya vitamini A kwa wakati wake.

(vi) Anayetumia dawa za kupunguza kinga, za saratani au za UKIMWI asiziache kwa sababu ya malengelenge kabla ya kumuona daktari wake.

10. Hitimisho

Karani wa mfano wetu alikuwa na njia mbili. Kama angeomba ruhusa siku ile ya tatu, angepewa dawa, angepimwa na kuonwa na mtaalamu wa macho, na huenda angemaliza mafunzo yake akiwa na alama chache tu kwenye paji. Kwa kuvuta kofia chini, aliwaficha wenzake malengelenge yake, lakini virusi viliendelea na safari yao kuelekea jichoni.

Watumishi na wananchi wanakumbushwa kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua. Aliyepo Dodoma aende hospitali ya huko. Aliyepo Visiwani afike Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee au kituo cha afya kilicho karibu naye. Aliyesoma ukurasa huu amsomee na mwenziwe asiyejua kusoma.